Jino la Tano la Alhamisi

Kituo cha Kupozea Maziwa,
S.L.P. 47,
Dundori, Nakuru.

Jumatano, 16 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Chesang,

Nakusalimu kutoka huku juu, ambako mwezi huu ukungu huamka kabla ya watu na kulala baada yao. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za hosteli zinalisumbua. Na joto la huko Doha, bado mnafunga mapazia mchana kutwa? Nikikumbuka kwamba wewe unatafuta kivuli na mimi natafuta jua, natamani tungekaa karibu tukabadilishana hata kwa saa moja tu.

Mimi ni mzima, Shangazi. Mzima mpaka naona haya. Gauni lile la kitenge ulilonishonea halifungi tena mgongoni, na si kwa sababu unayoifikiria, bali ni viazi vya huku na maziwa. Baba alipiga simu Jumapili. Yeye ni mzima, na ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mdogo wangu Kiptum anakula kama mashine ya kukata nyasi. Kwa hivyo nyumbani Ravine hakuna neno baya.

Neno baya nililituma mimi. Najua umesubiri maelezo yake tangu Ijumaa. Ule ujumbe wangu uliosema kwamba nimedanganywa na kwamba nitarudi Ravine mwezi ukiisha, tafadhali ufute. Kama hujamwambia Baba, usimwambie kamwe. Kama umekwisha kumwambia, nisaidie kabla hajawaita wazee, kwa maana unamjua: akishavaa koti lile la kahawia, kulivua ni kazi. Nisamehe pia kwa kutopokea simu zako tatu. Nilikuwa nikilia mwanzoni, halafu nikawa na aibu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mambo ya ndoa hayaandikwi kwenye simu, kwa sababu simu hushikwa na kila mkono. Ndiyo maana naandika kwa karatasi. Barua hii itabebwa na Kuluthum, yule mama wa mjini Nakuru anayenunua maziwa hapa kituoni. Anasafiri Jumamosi kumwona dada yake huko huko Doha.

Kabla sijafika kwenye makosa, niache kwanza nimsifu mume wangu, maana nikianza na makosa utamchukia bure.

Shangazi, Hezekiah ana masikio yanayosogea akitafuna. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nitapenda masikio. Akitoka shambani huwa anaimba nyimbo za kanisa kwa pua, sauti ya nne, na mimi najua amefika kwenye mti gani kwa ubeti aliofika. Amenijengea rafu ya viatu ingawa nina jozi tatu. Asubuhi ananisindikiza mpaka barabarani, na boda boda ikiondoka hageuki kurudi mpaka tupinde kona. Nimejaribu kugeuka ghafla mara nyingi nione kama anadanganya. Yupo. Miezi miwili na wiki tatu, na bado yupo pale na gambuti zake.

Lakini unajua nilivyoumbwa. Ni wewe uliyesimulia kwa simu siku ya harusi, mbele ya kamati nzima, jinsi nilivyokaa chini barabarani nikiwa na miaka minne kwa sababu ulimbeba mgongoni mtoto wa jirani aliyejikwaa. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mpaka leo yule mtoto simpendi. Basi wivu huo nilikuja nao Dundori pamoja na masanduku.

Nilianza kuwa na wivu na paneli.

Nguzo za stima zimeishia kule barabara ya chini, kwa hivyo Hezekiah aliweka sola wiki mbili kabla ya harusi ili nisije nikatoka kwenye stima ya Baba nikaingia gizani. Paneli nne juu ya paa, betri moja sebuleni yenye ukubwa wa sanduku la vitabu, na kisanduku cheupe ukutani kinachoitwa inveta, ambacho hugeuza nguvu ya betri iwe stima ya kawaida ya kutumia nyumbani. Kila asubuhi yeye hupanda ngazi na kitambaa laini kuzipangusa paneli vumbi na umande. Anazipangusa polepole, pembe hadi pembe. Nilikuwa nikisimama chini na kikombe changu nikifikiri kwamba mimi sijawahi kupanguswa hivyo. Siku moja aliniita nipande, nikaona kumbe kabla ya kupangusa huandika herufi ya kwanza ya jina langu kwa kidole kwenye vumbi. Nikazisamehe paneli zote nne.

Fundi aliyeziweka ni Makhanu, Mbukusu mmoja mnene wa Nakuru mjini, anayezungumza kama mhubiri. Alirudi baada ya harusi kukagua kazi yake, akatukalisha mimi na Hezekiah kama wanafunzi.

"Madam," akaniambia, "betri ni tangi, si mto. Mto unateka unavyotaka. Tangi ukiliteka ovyo jioni, usiku mtatazamana kwa tochi."

Alituambia kila kitu cha stima kina hesabu yake nyuma, wati, na kwamba swali si wati tu bali ni wati kwa muda gani. Taa yetu ya wati saba ikiwaka saa kumi nzima hula karibu sawa na birika la wati elfu mbili likichemka dakika mbili tu. Vitu vya kutoa joto ndivyo walafi: birika, pasi, jiko la koili. Akasema tuvitumie kati ya saa nne na saa nane mchana, jua likiwa kali, maana betri yetu hujaa saa tano hivi, na baada ya hapo jua linalopiga paneli halina pa kwenda. "Linapotea bure," akasema, akitazama juu kwa uchungu kama mtu anayeona maziwa yakimwagika. Mimi nilifurahi sana, kwa sababu fizikia ya kidato cha pili niliyodhani nimeizika ilianza kukohoa. Makhanu akaniwekea kwenye simu programu inayoonyesha matumizi ya nyumba yetu kwa mstari, kutoka asubuhi mpaka usiku, popote nilipo.

Hapo ndipo aliponipa kamba ya kujinyonga.

Sasa birika. Shangazi, birika la umeme ulilonitumia, lile jeupe lenye ua la samawati, lilifika likiwa zima bila hata mkwaruzo. Nilililaza kitandani nikalitazama. Nikasema mbele ya Hezekiah na mama mkwe kwamba hakuna mkono utakaoligusa mpaka wewe mwenyewe uje Desemba, ukae kwenye kiti changu, na chai ya kwanza ya birika hilo iwe yako. Nikalirudisha kwenye boksi lake, nikafunga kwa utepe wa gundi, nikaliweka juu ya kabati. Hezekiah alinishikia kiti nikipanda. Nilidhani amekubali.

Na maji ya kuoga. Natoka kazini saa kumi jioni, mikono imekufa ganzi kwa kuosha mikebe ya maziwa na maji ya bomba. Tangu wiki ya pili ya ndoa, kila nikifika nakuta bafuni ndoo nzima ya lita ishirini, maji ya uvuguvugu mzuri, taulo juu ya mlango. Mama mkwe, ambaye nyumba yake imeshikana ukuta na yetu, ana jiko la kuni linalowaka mchana kutwa, nikajua ndiye. Nilipomshukuru alicheka akaniambia, "Shukuru Mungu, mwanangu." Nikashukuru Mungu.

Mtu wa mwisho ni Mugure. Nyumba yao imepakana na yetu, ua ni wa vichaka vya miiba tu. Alirudi kutoka Naivasha, kwenye mashamba ya maua, na ni mrembo, siwezi kukudanganya. Amesoma na Hezekiah tangu darasa la kwanza. Sola ilipokuja, majirani wengi walileta simu kuchaji, lakini simu ya Mugure yenye kava ya waridi ndiyo huwa ya kwanza kwenye soketi. Mimi nikitoka asubuhi yeye anaingia. Nilitaka kusema kwamba simu yake inatumalizia betri. Nikapiga hesabu usiku mmoja, nikakuta simu ile kwa mwezi mzima inakula kama birika kwa robo saa hivi. Hesabu ikanikatalia. Nilikasirika zaidi, kwa maana sasa nilikuwa na wivu usio na sababu ya kusemwa mezani.

Basi wiki iliyopita, Jumatatu, nikiwa kazini wakati wa chakula, nilifungua ile programu. Nilikuwa nimezoea kuutazama mstari wetu kama vile wengine wanavyotazama picha za waume zao. Usiku una vilima vidogo, hiyo ni friji ikiamka na kulala. Jioni unapanda kidogo, hizo ni taa na redio. Jumapili asubuhi kuna vijino vifupi vingi, hiyo ni pasi. Siku hiyo, kuanzia saa sita mchana, niliona meno manne. Marefu, yamesimama wima, kila moja dakika tano au sita, likifika karibu wati elfu mbili. Halafu kimya.

Nikarudi nyuma siku kwa siku. Meno manne. Meno manne. Wiki nzima, mwezi mzima, kila siku ya kazi. Jumapili, ninapokuwa nyumbani, hakuna.

Shangazi, kazi yangu ni kukamata wezi wa maziwa. Mtu akitia maji, natumbukiza laktomita ndani, kile kipimo kinachoelea, na kipimo hakina huruma kwa machozi ya mtu. Jioni ile nilizunguka nyumba yangu mwenyewe kama mkaguzi, nikisoma maandishi nyuma ya kila kitu. Televisheni, hamsini. Friji, sitini. Pasi, elfu moja na mia mbili. Hakuna kilichofika elfu mbili. Nikatazama juu ya kabati.

Nililishusha boksi Hezekiah akiwa anakamua. Birika lilikuwa limekauka, limefungwa kwenye nailoni yake vilevile. Lakini utepe ulikuwa umebandikwa mara nyingi, umepoteza gundi pembeni. Na chini kabisa ndani ya birika kulikuwa na duara jeupe la chokaa ya maji ya kisima, jembamba kama pete.

Birika lako. Mtu alikuwa akichemsha maji kwenye birika lako, mchana, mimi nisipokuwepo, na kulirudisha kama mwizi anayefunga mlango.

Nikamuuliza mume wangu kwa kuzunguka. "Leo mchana ulikunywa chai?"

"Nilikunywa uji kwa mama," akasema.

Na ilikuwa kweli, kwa sababu majani ya chai hayakupungua wala sukari. Basi kama si chai, ni maji ya nini? Mtu huchemsha maji kwa nini, kama si kunywa? Huoga. Na nani anaoga nyumbani kwangu saa sita mchana?

Alhamisi nikatazama mstari nikiwa kazini. Moja, mbili, tatu, nne. Nikaanza kufunga simu. Likaota la tano.

Jioni nilipofika, Mugure alikuwa kwenye ua akianika taulo, na nywele zake zilikuwa zimeoshwa, zimevimba, zinanukia. Nakuuliza wewe ambaye umezaliwa milimani: ni nani huku anayeosha nywele kwa maji baridi mwezi wa Julai? Sikulala. Hezekiah alinikumbatia nikajifanya mti. Ijumaa asubuhi, nikiwa nyuma ya tangi la maziwa, nikakuandikia ule ujumbe. Nilikuwa nimekwisha kuchagua nguo za kurudi nazo. Nilichagua hata viatu, kati ya zile jozi tatu, na nikalia kwa sababu ya rafu.

Jumatatu hii nikamwomba mwenzangu anishikie vipimo, nikapanda boda boda saa tano na nusu. Nikashukia kanisani ili injini isisikike, nikapita katikati ya viazi mpaka viatu vikawa vizito kwa udongo. Ukungu ulikuwa umepasuka na jua lilikuwa kali, jua la kuchoma upara. Nikazunguka pembe ya nyumba.

Mugure alikuwa amekaa mlangoni pangu, kwenye kigoda changu, anapukuchua minji kwenye bakuli. Mlango nyuma yake ulikuwa nusu wazi.

"Bibi arusi," akasema bila kuinuka, "leo ng'ombe wamegoma?"

"Unafanya nini kwangu?"

"Nangoja asilimia mia. Nimefika themanini na mbili."

"Na nani yuko ndani?"

Akanitazama viatu, akanitazama uso, akaacha kupukuchua. "Ingia tu," akasema. "Lakini usimpigie kelele, ana maji ya moto."

Shangazi, niliingia nikiwa tayari kumwona yeyote. Niliomba Mungu anipe nguvu za mikono. Nikamkuta Hezekiah peke yake, kitambaa begani, amepiga magoti mbele ya soketi, boksi lako liko wazi kando yake. Birika lilikuwa likiunguruma. Chini, kwenye gunia lililokunjwa, chupa za chai nne zilikuwa zimepangwa mstari, mbili zimefungwa vifuniko na mbili wazi. Alikuwa akitazama kioo cha inveta kama daktari.

Aliponiona alisimama haraka akagonga kichwa kwenye rafu ya viatu.

Nikamuuliza, "Ni nani anayeoga hapa mchana?"

Akashika kichwa. "Wewe," akasema. "Jioni."

Sikuelewa. Akanieleza kwa kigugumizi, na masikio yake yalikuwa mekundu. Jioni birika haliwezekani, kwa sababu likichemka mara nne jua likiwa limetua, betri italala kabla yetu na friji itazima. Lakini saa sita betri imejaa, na jua linapotea bure, kama alivyosema Makhanu. Basi analichukua hilo linalopotea. Birika moja linajaza chupa moja. Chupa nne, zikitunzwa vizuri mpaka saa kumi, zikichanganywa na maji ya baridi, ni ndoo yangu ya lita ishirini. Kumbe mama mkwe hajawahi kunichemshia hata kikombe. Kila jioni nilikuwa nikijimwagia ule ushahidi kichwani, nikijisugua nao mgongo, huku nikipanga kumwacha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hakuna mkono utakaoligusa," akasema. "Na mikono yako ilikuwa baridi."

Nilikaa kwenye kiti na viatu vyangu vya matope. Mchungaji hutusomea habari za mfalme Hezekia, ambaye Mungu alimrudishia kivuli cha jua nyuma madaraja kumi ili aamini. Huyu wangu hakurudishiwa kitu. Anapiga magoti kila siku analikinga jua kwa chupa, kabla halijapita. Nililia, na yeye akadhani ni kwa ajili ya birika, akaanza kuniahidi kwamba akivuna viazi atanunua jingine kama hilo hilo, lenye ua la samawati. Nikalia zaidi.

Natamani barua iishe hapo, nikiwa mke mwema. Haikuishia hapo. Nikiwa bado nalia, akili yangu ya maziwa ikaamka.

"Na jino la tano?" nikauliza.

"Jino gani?"

"La Alhamisi. Chupa ni nne, meno yalikuwa matano."

Hezekiah akatazama mlango. Mlangoni Mugure akashika nywele zake.

"Hiyo ni mimi," akasema. "Nilimwambia aniongezee moja, nywele zilikuwa na vumbi la Naivasha bado. Si ni haki yangu? Hizo chupa mbili za bluu ni zangu. Anaazima tangu Mei. Kwetu tunakunywa chai imepoa, mama analalamika, mimi namwambia ni kwa ajili ya mapenzi ya jirani."

Basi nikageuka nikaziona. Moja ilikuwa yetu, ile ya kahawia. Moja ya mama mkwe, yenye mshikio uliofungwa kwa waya. Na mbili za bluu, nzuri, mpya, za Mugure.

Tangu Mei, Shangazi. Mama mkwe alijua. Mugure alijua. Hata mama yake Mugure, anayekunywa chai imepoa, alijua. Dundori nzima ilikuwa imekaa kwenye kigoda changu inajua jinsi mume wangu anavyonipenda, isipokuwa mimi. Nilikuwa nikiogopa kwamba anampa mwanamke mwingine mapenzi yangu. Kumbe mapenzi yalikuwa yangu yote, lakini yeye ndiye aliyeyatazama kila mchana huku akipukuchua minji. Mimi niliyapata jioni, yamekwisha kuchanganywa na maji baridi. Niambie, wewe uliyeishi na watu, huo si wivu halali?

Nilimshukuru Mugure, kwa sababu mama yangu alinilea. Nikampa maziwa lita moja. Akasema, "Karibu, bibi arusi, wewe ni wetu." Ana meno mazuri pia, si lazima kila kitu awe nacho yeye.

Usiku nilimwambia Hezekiah kila kitu, pamoja na ule ujumbe wangu kwako na nguo nilizozichagua. Halafu akauliza ni viatu vipi nilivyokuwa nimechagua. Nikamwambia vile vyeusi. Akasema, "Hivyo vinakubana, usingefika barabarani." Tukacheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta.

Sasa sheria ni mpya. Birika limetoka kwenye boksi na linakaa mezani, waziwazi, na pete ile ya chokaa nimeiondoa kwa ndimu. Unisamehe, Shangazi, chai ya kwanza haitakuwa yako tena. Ila ukifika Desemba, uoge ndoo nzima ya jua la saa sita, kisha ukae kwenye kiti changu, na utanielewa. Simu ya Mugure bado inachajiwa, siwezi kumnyima mtu soketi, lakini Hezekiah amekubali iwekwe ya mwisho kwenye mstari, baada ya simu ya mchungaji.

Nina ombi moja, na ndilo lililonifanya niandike kurasa nyingi hivi. Uliniuliza unibebee nini ukija. Nilisema manukato. Nabadilisha. Niletee chupa za chai mbili za lita mbili, zile za chuma ndani, zisizopoteza joto. Rangi yoyote isipokuwa bluu. Kama kuna mtu anayerudi Kenya kabla yako, mpe, usingoje Desemba. Nataka kuzirudisha zile za Mugure zikiwa safi, zimejaa chai ya moto kwa ajili ya mama yake, nimshukuru, na nifunge mlango wangu taratibu. Nimeoga kwa chupa za mwanamke mwingine miezi miwili. Inatosha.

Nisalimie wenzako wote wa hosteli, hasa yule dada wa Kericho aliyekusaidia kufunga boksi la birika, mwambie lilifika na linafanya kazi kuliko mtu yeyote hapa. Hezekiah anakusalimu kwa heshima na anasema goti lako ulipake mafuta ya kondoo. Mama mkwe anakusalimu. Baba na Kiptum watakuwa wamekusalimu wenyewe, na tafadhali, kuhusu lile koti la kahawia, fanya kila uwezalo.

Mungu akulinde kwenye joto hilo, akupe kivuli mchana na usingizi usiku, na akurudishe kwetu ukitembea kwa miguu yote miwili bila kulalamika.

Ni mimi mtoto uliyembeba mgongoni, wako akupendaye na asiyetaka umbebe mwingine,

Jerotich

N.B. Naimalizia kituoni wakati wa chakula, na simu iko kando ya karatasi. Saa saba kasoro robo yalikuwa yameota yote manne. Nimemngojea Kuluthum bahasha ikiwa wazi, ili nikuandikie na hili: sasa ni saa saba na dakika ishirini, na la tano halijaota.